Nyumba Ina Kelele, Lakini Mama Anasema Haina Sauti

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Kijenge, Arusha, pamoja na mume wangu na mtoto wetu wa darasa la saba. Miezi minne iliyopita tulimleta mama yangu mzazi kutoka Machame baada ya baba kufariki. Ana miaka 74. Kule alikuwa mchangamfu, mwimbaji wa kwaya tangu usichana. Hapa amekuwa mkimya, halali vizuri, na hufunga madirisha hata mchana wa joto. Nyuma yetu kuna grosari inayopiga muziki mpaka usiku, mbele kuna barabara ya daladala, na ndani televisheni haizimwi. Nilipomuuliza kama kelele zinamsumbua, alinijibu: "Mwanangu, nyumba hii haina sauti." Sikumwelewa. Wiki iliyopita umeme ulikatika tangu jioni, na mama akazungumza mpaka saa nne usiku, hata akatuimbia. Umeme uliporudi, akanyamaza. Je, ni masikio, ni uzee au ni majonzi? Na kweli muziki na ukimya vina nguvu ya kumbadilisha mtu kiasi hicho? Mtoto naye husoma akiwa na spika za masikioni. Nimwache?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa msiba wa mzee. Nimefundisha muziki na kwaya zaidi ya miaka thelathini, kwanza Moshi na sasa hapa Arusha, na barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu ya ile habari ya umeme. Umeitaja kama jambo la pembeni. Kwangu ndiyo barua yote.

Tuanze na masikio, maana hayo hayafai kusubiri. Ndani kabisa ya sikio, kwenye kiungo kilichojikunja kama kombe la konokono, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo elfu kumi na tano. Zikifa, hazioti nyingine. Uzeeni, zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, na konsonanti kama s, f, t na sh ziko huko kwenye sauti nyembamba. Ndiyo maana mzee hukwambia, "Nakusikia, ila sikuelewi." Irabu zinamfikia, konsonanti zinapotelea njiani, basi "pita" na "fika" kwake yanakaribiana. Sauti ya mjukuu humpotea kabla ya sauti ya mume wako. Akiwa na mtu mmoja kwenye chumba kilichotulia huweza kujazia mwenyewe kilichopungua. Televisheni ikiwa inasema nyuma yake, na grosari inadunda nyuma ya televisheni, kazi hiyo inamshinda, naye kwa heshima yake anaacha kujaribu. Usiku ule wa giza mlimwondolea hiyo mizigo yote kwa mpigo. Kwa hiyo mpeleke kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC, Moshi, wanayo, na mnaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoziba tu, na mtu hutoka pale amefunguka.

Ila masikio peke yake hayaelezi lile neno alilokujibu. Mtu ambaye masikio yake yamepungua hulalamika kwamba watu wananong'ona. Mama hakusema hivyo. Alisema nyumba haina sauti, na wewe ulikuwa umemuuliza habari za kelele. Watu wa umri wake huchagua maneno. Kwa Kiswahili chetu mlango una mlio, mzigo ukianguka una mshindo, bahari ina mvumo, na soko likichafuka lina makelele. Sauti ina mwenyewe. Ukisikia sauti unauliza ni ya nani, na ukishamjua unamwitikia.

Miaka mingi iliyopita nililala Machame kwa mzee mmoja wa kwaya, nimekwenda kurekodi nyimbo zao. Nyumba yao ilikuwa chini kidogo ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, na maji yalipita usiku kucha yakisugua mawe. Mimi mgeni yalinichelewesha kulala. Mnamo saa nane usiku nikasikia mzee anaamka, anavaa viatu vya mvua, anachukua jembe na tochi. Nikadhani mwizi. "Maji yamekatika," akaniambia, akatoka. Mimi sikuwa nimesikia kitu, na hicho ndicho alichokisikia yeye: hakuna kitu. Kumbe mtu wa juu alikuwa amegeuza maji kabla ya zamu yake. Baada ya kama nusu saa mlio ukarudi taratibu, kwanza kama mtu anayesukutua kinywa mbali, halafu ukajaa. Mzee akaingia, akavua viatu, na haikupita dakika akawa anakoroma.

Sikio halina kope. Tukilala linaendelea kupokea, na ubongo unakaa kama mlinzi getini: sauti anayoijua anaipitisha, iliyobadilika anaipigia kengele. Mama mwenye kichanga hulala radi ikipiga, akaamka mtoto akikoroma tofauti. Mama yako amelala miaka sabini na mfongo, migomba inayopapasana na upepo, ng'ombe anayecheua nyuma ya ukuta, na kengele ya usharika. Mlinzi wake anaijua orodha hiyo kwa moyo. Mmemhamishia Kijenge, na kila usiku mlinzi anasimama wima, kwa sababu hakuna hata mmoja getini anayemfahamu. Na katika sauti alizoziacha kule, iliyo kubwa kuliko zote ni ya baba. Kikohozi chake, hatua zake. Hilo halina dawa ya haraka, na sitaki mtu akudanganye kwamba muziki unafuta majonzi.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, kama muziki na ukimya vina nguvu hiyo. Vina, na nguvu yenyewe kwetu imekaa kwenye kuitikia. Chukua wimbo wowote wa ngoma au wa kazi wa ukanda huu. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Kati ya kuanzisha na kupokea pana upenyo mdogo, pengine wa pumzi moja, na humo ndimo wimbo unamoishi. Mwimbishaji asipouacha, waitikiaji wanageuka watazamaji. Wamasai na Waarusha wa miteremko ya Meru wameimba hivyo vizazi na vizazi bila kuhitaji ngoma: olaranyani anatupa mstari, wenzake wanajibu kwa pumzi na koo, pumzi zenyewe ndizo ngoma, na ala wanayojulikana nayo zaidi ni pembe la tandala la kuitia watu. Vijana wa mjini waliusikia upenyo huo pia. X Plastaz, waliotokea hapa hapa Arusha miaka ya 1990, waliweka mwimbaji wa Kimasai katikati ya michano yao, naye akawa anawajibu badala ya kuwapamba, na kwa masikio yangu hilo ndilo lililowafanya wasikike mpaka Ulaya.

Halafu tazama maisha ya kawaida. Hodi huitikiwa karibu. Shikamoo huitikiwa marahaba, na isipoitikiwa kuna ugomvi. Konda anapiga bodi la gari kwa kiganja, dereva anajibu kwa breki. Kigelegele cha mwanamke mmoja hakikai peke yake, lazima wa pili akidake. Ukimya baada ya hodi nao ni jibu: umebisha mara tatu, nyumba imekaa kimya, unageuza njia bila kinyongo.

Hata nyuki wa porini tunawapata kwa kuitikiana. Upande wa Ziwa Eyasi, Wahadzabe humpigia mluzi ndege mdogo aitwaye mlembe, naye huwaongoza mpaka kwenye mzinga. Wao wanachukua asali, yeye anabakiwa na nta. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji wanafanya vivyo hivyo, ila mlio wao ni wa kutetemesha midomo na kumalizia kwa mguno. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha walichokipata walipowapigia ndege milio yote miwili. Kwenye vilima vya Kidero, kwa Wahadzabe, ndege walishirikiana na mluzi wa wenyeji zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Msumbiji ikawa kinyume, mlio wa Kiyao ukashinda karibu mara mbili. Ndege yuleyule, asali ileile, lakini kila mahali anaitikia sauti aliyozoeshwa na watu wa hapo. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka kila bibi niliyemwona amehamishiwa mjini.

Kelele, kwa hiyo, sipendi kuipima kwa ukubwa tu. Jumamosi mchana matarumbeta yanapita barabarani kwenu, au siyo? Pikapu iko mbele ya gari la maharusi, vijana sita wamesimama nyuma mashavu yamevimba, mpiga picha ananing'inia akiwa amewageuzia kamera, na lile tarumbeta kubwa la chini linatikisa vioo vya duka. Ni sauti kubwa kuliko ya grosari. Lakini sijaona mtu akifunga dirisha. Watu wanatoka, mama ntilie anaacha mwiko na kupiga kigelegele, bodaboda wanapiga honi, na baada ya dakika moja limekwisha, limegeuka kona. Lilikuja na sababu, likatuachia nafasi ya kujibu, likaenda. Mama yako analijua vizuri kuliko sisi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na desturi yao ya kupiga tenzi kwa tarumbeta ikaota mizizi Uchagani hata leo harusi bila matarumbeta inaonekana ina upungufu.

Zamani ukubwa wa sauti ulikuwa idadi ya watu. Ukitaka ngoma isikike kijiji cha pili, ulihitaji wapigaji na waitikiaji, na wote wana mikono inayochoka na watoto wa kulaza. Sauti kubwa usiku ilimaanisha watu wengi wamekusanyika, na watu wengi hawakusanyiki bure. La mgambo likilia kuna jambo. Spika imekata uhusiano huo. Kijana mmoja wa grosari, amesinzia juu ya kaunta, wateja wawili, anatoa sauti ya watu mia mbili mpaka saa sita. Sikio la mama linasema kuna jambo, kuna jambo, kuna jambo, na kila usiku hakuna jambo. Wewe umezoea, lakini kuzoea hakuondoi uchovu wote. Mwili unaweza kushtuka usingizini pasipo mtu kuamka wala kukumbuka. Shirika la Afya Duniani, ofisi yake ya Ulaya, lilishauri mwaka 2009 kwamba wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40, kiwango cha maktaba iliyotulia. Nyuma ya grosari hamko hata karibu na hapo.

Kufunga madirisha hakumsaidii, na hapa nieleze kwa nini, kwa sababu watu wengi wanapoteza fedha kwenye mapazia. Sauti nyembamba ina mawimbi mafupi, kioo na pazia zito huipunguza. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita saba, refu kuliko chumba cha mama. Wimbi hilo linazunguka nyumba, linautikisa ukuta, na ukuta wenyewe unageuka spika. Anapofunga dirisha anazuia maneno ya wimbo na kubaki na mdundo. Yaani anaondoa kile kidogo ambacho kingeweza kumwambia kitu.

Ukimya nao si mmoja. Kuna utulivu, kama ule wa mchana shambani watu wakishakula. Kuna kunyamaza kwa hiari, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Kuna kimya cha msiba, ambapo jirani huzima redio bila kuambiwa, na hilo mpaka leo mjini linatunzwa, namshukuru Mungu. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, redio ziliacha muziki wa kila siku zikapiga nyimbo za maombolezo. Nakumbuka soko la Mbuyuni pale Moshi wauzaji wakitaja bei kwa sauti ya chini bila mtu kuwaamuru. Halafu kuna kimya cha mtu aliyekosa pa kuingilia. Hicho ndicho cha mama yako. Nimekiona kwenye kwaya moja ya mjini iliyonunua kinanda chenye mdundo wa kujipiga chenyewe. Mdundo ule haungoji pumzi ya mtu. Baada ya miezi michache akina mama wa sauti ya pili, walioimba pale tangu usichana, waliacha kuja mmoja mmoja. Hakuna aliyewafukuza. Wimbo ulikuwa umefunga mlango.

Sasa la kufanya. Televisheni iwe na saa yake. Mngeizima kila siku kuanzia saa moja mpaka saa mbili na nusu usiku, huku mkila, mngekuwa mmemrudishia ule usiku wa giza bila kungoja umeme ukatike. Usimtangazie kwamba ni kwa ajili yake. Ukizungumza naye, kaa mbele yake kwenye mwanga ili aone midomo, usipaze sauti, punguza mwendo. Ukishamuuliza kitu, ngoja. Watoto wetu tumewazoesha majibu ya haraka. Mzee huanza na kuvuta pumzi, na wengi wetu tunaidhani ile pumzi ndiyo jibu, tunaendelea na yetu.

Kwa mwenye grosari nenda mwenyewe, mchana, wakati hana wateja, tena uende na mume wako, na mtaje mama kabla ya kutaja sheria. Mwombe mambo matatu ambayo hayamgharimu: spika aiinue kutoka sakafuni na kuitenga na ukuta wa nyuma, aielekeze kwa wateja wake na siyo uani kwenu, na ashushe kitufe cha besi hata akiacha sauti nyingine kama ilivyo. Nimeona majirani wakipona kwa hayo tu. Akikataa kuna mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa mazingira wa jiji na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa kelele, na kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo zipo tangu 2015. Lakini anza na salamu. Mtu uliyemsalimia kila asubuhi hupata taabu kukunyima usingizi usiku.

Nyimbo je? Usimnunulie mama redio ukaiwasha chumbani kwake kutwa. Utakuwa umemwongezea sauti nyingine isiyomngoja. Mwombe awafundishe wimbo mmoja, ule aliouimba usiku wa giza. Nyimbo za ujana hukaa kwenye kumbukumbu kuliko karibu kitu kingine chochote, na mtu huzikumbuka na maneno yake yote. Mtoto apewe kiitikio, ninyi wazazi mpokee sauti ya pili, hata mkikosea. Akiwasahihisha, mwacheni awasahihishe kwa ukali wote wa mwana kwaya. Hiyo ni dalili njema kuliko zote ninazoweza kukutajia.

Kuhusu spika za masikioni, sina sababu ya kumkataza kijana wa darasa la saba muziki wake. Ila wimbo wenye maneno unashindana na maneno ya kitabu, hasa anapokariri. Akifanya hesabu za mazoezi haumdhuru sana. Na sauti aishushe: Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kuwa mpaka wa usalama kwa mtu mzima, na kwa watoto linashauri chini zaidi. Ukiweza kuusikia wimbo wake ukiwa umesimama kando yake, ni mkubwa mno. Mweleze habari za zile seli elfu kumi na tano za bibi yake. Darasa la saba anaelewa.

Desemba mtapanda Machame kama kila mtu. Mlazeni mama kwenye chumba chake cha zamani, na mtoto umpe kazi: saa tano usiku, watu wakishalala, aweke simu dirishani upande wa mfongo na kurekodi saa nzima. Mkirudi Kijenge, pigeni rekodi hiyo chumbani kwa mama usiku kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba mtu akisema neno unaisikia sauti yake kwanza. Siwezi kukuahidi kwamba atalala. Nawajua wawili waliolala. Na kabla ya kurekodi, mtoto amuulize bibi mfongo huo unaitwaje na ulichimbwa na ukoo gani. Ana jibu refu, na sidhani kama kuna mtu amemuuliza tangu baba aondoke.